Kompyuta Inapobadilisha Ulichoandika: Fomula Ndogo kwa Daftari la Madrasa



Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, katika makala haya tutajifunza jambo ambalo wengi wetu hulikuta kila mwisho wa muhula. Orodha ya wanafunzi imeandikwa kwenye kompyuta, namba za simu za wazazi zimeingizwa, alama zimejazwa na ada zimejumlishwa. Kisha mtu anafungua faili na kukuta kwamba namba za simu hazina sifuri ya mwanzo, tarehe za kuzaliwa zimegeuka, na jumla ya ada ni ndogo kuliko fedha zilizomo kwenye bahasha. Hapo husikika maneno: "Kompyuta hii ina virusi."

Mara nyingi si virusi. Programu za majedwali kama Excel, au LibreOffice Calc ambayo hupatikana bure, zina tabia moja kubwa: zinakisia. Unapoandika kitu ndani ya seli, yaani kile kijumba kimoja cha jedwali, programu haingoji uiambie umeandika kitu gani. Inaamua yenyewe kwamba hii ni namba, hii ni tarehe, haya ni maandishi matupu. Ikikisia sawa, kazi huwa nyepesi. Ikikisia vibaya, hubadilisha ulichoandika wala haikuulizi. Na jambo la pili la kushika ni hili: kinachoonekana kwenye skrini si lazima kiwe ndicho kilichohifadhiwa ndani ya seli. Ukiyaelewa haya mawili, fomula zitakazofuata utaona sababu yake, na hutahitaji kuzikariri kama kasuku.

Wala fomula si jambo geni kwetu. Neno aljebra limetokana na jina la kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, na sehemu kubwa ya kitabu kile ni masuala ya wasia na mirathi. Hesabu ile ilitafutwa ili kila mtu apate haki yake. Daftari la madrasa nalo lina haki za watu ndani yake: alama za mtoto, ada iliyolipwa, namba ya simu atakayopigiwa mzazi siku mtoto akiugua darasani.

Maelezo machache kabla ya kuanza. Safu ni zile zinazosimama, zenye herufi A, B, C. Mistari ni ile inayolala, yenye namba 1, 2, 3. Kwa hiyo A2 ni seli ya safu ya A katika mstari wa 2. Mifano yetu huanza mstari wa 2, kwa sababu mstari wa 1 una vichwa vya habari. Fomula huanza na alama ya =. Tumetenganisha sehemu za fomula kwa mkato. Kompyuta nyingine, kutokana na mpangilio wake, hutaka nukta-mkato mahali pake. Na kila fomula ya kurekebisha iandikwe kwenye safu tupu iliyo pembeni, usiiguse safu ya asili. Ukishahakiki, nakili safu mpya na kuibandika kama thamani tu, bila fomula. Katika Excel bonyeza Ctrl+Alt+V, kisha V.

Sifuri iliyopotea

Namba ya simu haifanyiwi hesabu. Hakuna anayejumlisha simu ya baba na simu ya mama. Lakini programu ikiona tarakimu tupu hudhani ni hesabu, na katika hesabu sifuri iliyo mbele haina thamani, basi huitupa. Namba ya simu ya Tanzania au Kenya yenye tarakimu 10 hubaki na 9. Ndivyo inavyokuwa pia kwa namba ya mwanafunzi 007, hubaki 7.

Dawa ni kuiambia programu mapema. Chagua safu nzima kabla hujaandika chochote, bonyeza Ctrl+1, kisha chagua "Text", yaani maandishi. Kama ni seli moja tu, anza kwa alama ya ritifaa ('), halafu andika namba yako. Ritifaa ile haitaonekana ukichapisha. Na kama sifuri zimekwisha kupotea kwa wazazi 200, usirudie kuandika. Weka pembeni:

=TEXT(B2,"0000000000")

Sifuri 10 zilizomo ndani ya alama za kunukuu zinasema: nipe tarakimu 10, na pakipungua jaza sifuri mbele.

Wako wanaoandika kwa kuanzia +255 au +254. Hapo programu huona alama ya kujumlisha ikadhani ni mwanzo wa hesabu. Huiondoa, na tarakimu 12 zilizobaki huonekana kwa ufupisho wa kisayansi wenye herufi E katikati. Usishtuke, namba bado ipo nzima ndani. Badilisha tu muundo wa seli uwe wa namba isiyo na desimali na utaiona yote.

Lakini iko hasara ambayo hakuna fomula inayoweza kuiponya. Excel hukumbuka tarakimu 15 tu za namba yoyote. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ile ya NIDA, ina tarakimu 20. Ukiiandika mfululizo katika seli ya kawaida, tarakimu 5 za mwisho hugeuka kuwa sifuri papo hapo. Ukihifadhi faili na kutupa karatasi uliyonakilia, namba imepotea. Iandike pamoja na vistari vyake, au tayarisha safu iwe ya maandishi kwanza. Katika mambo yote ya somo hili, hili ndilo ningependa msomaji alishike hata akisahau mengine, kwa kuwa mengine yote hurekebishika.

Ada na ile alama yetu ya /=

Sisi watu wa Afrika Mashariki tumezoea kuandika fedha hivi: 15,000/=. Katika risiti ya karatasi ni vizuri, maana huzuia mtu asiongeze sifuri nyuma. Katika jedwali ni balaa. Programu haijui /= ni nini, hivyo huichukua seli nzima kuwa maandishi, na SUM, fomula ya kujumlisha, huyaruka maandishi kimya kimya.

Tuseme wanafunzi 40 wamelipa 15,000 kila mmoja. Jumla ni 600,000. Ikiwa sita kati yao wameandikiwa kwa /=, jedwali litaonyesha 510,000. Hakuna rangi nyekundu wala onyo. Kuna mhasibu aliyeshika bahasha yenye 600,000 na karatasi inayosema 510,000, na siku nyingine mambo huwa kinyume: karatasi nyingine inasema 600,000 naye anaulizwa iko wapi ile 90,000 iliyozidi. Watu wamewahi kugombana kwa mambo madogo kuliko haya.

Namna ya kugundua ni nyepesi. Kwa kawaida namba hukaa upande wa kulia wa seli, na maandishi hukaa kushoto. Tupia jicho safu ya fedha. Kilichoegemea kushoto kina kasoro. Kwa orodha ndefu, andika:

=COUNTA(C2:C41)-COUNT(C2:C41)

COUNTA huhesabu seli zote zilizoandikwa kitu, COUNT huhesabu zenye namba tu. Jibu likiwa 0, salama. Likiwa 6, tafuta sita hizo. Kuzisafisha:

=VALUE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(C2,"/=",""),",",""))

Fomula hii inaondoa /=, inaondoa mkato, kisha inayageuza maandishi kuwa namba. Na kama moyo wako bado unapenda kuiona /=, iko njia ya halali: andika 15000 tupu, bonyeza Ctrl+1, nenda kwenye "Custom", andika #,##0"/=". Skrini itaonyesha 15,000/= huku ndani ikibaki namba safi.

Tukiwa hapo hapo kwenye fedha, tazama ada ya 100,000 inayolipwa kwa awamu tatu. Ukigawanya kwa 3 na kuficha desimali, jedwali linaonyesha 33,333 mara tatu, na chini yake jumla 100,000. Mzazi akikokotoa kwa kikokotoo anapata 99,999 na kuuliza shilingi moja imetoka wapi. Afadhali awamu mbili za kwanza ziwe =ROUND(E2/3,-2), ambayo hukadiria kwenye mia iliyo karibu na kutoa 33,300, na awamu ya mwisho iwe =E2-F2-G2, yaani 33,400. Hapo hakuna mabishano.

Tarehe zilizogeuka

Kompyuta nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa desturi ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Wewe unaandika 3/4/2012 ukikusudia tarehe 3 Aprili. Kompyuta inasoma Machi 4. Unaandika 25/12/2012, kompyuta inatafuta mwezi wa 25, haiupati, inakuachia maandishi matupu. Matokeo yake safu moja ina tarehe za aina mbili: zilizogeuzwa kimya kimya, ambazo zimeegemea kulia, na zilizobaki maandishi, ambazo zimeegemea kushoto. Hizi za kushoto ndizo zilizo salama zaidi, kwa kuwa angalau zinaonyesha ulichoandika.

Kwanza rekebisha chanzo. Katika mipangilio ya "Region" ya Windows chagua Tanzania, Kenya au Uingereza, ili siku itangulie. Au zoea kuandika mwaka kwanza, 2012-04-03, ambao kompyuta zote huuelewa vivyo hivyo. Kisha, kwa safu iliyokwisha kuharibika, na iwapo una hakika yote iliandikwa kwa kutanguliza siku kwenye kompyuta ya mpangilio wa Kimarekani, tumia hii:

=IF(ISNUMBER(D2),DATE(YEAR(D2),DAY(D2),MONTH(D2)),DATE(RIGHT(D2,4),MID(D2,4,2),LEFT(D2,2)))

Isiwatishe kwa urefu wake. ISNUMBER inauliza: hii imekuwa tarehe ya kweli? Kama ndiyo, imegeuzwa, basi tuigeuze tena, siku ikae mahali pa mwezi na mwezi mahali pa siku. Kama siyo, ni maandishi. Tukate herufi 4 za kulia kuwa mwaka, 2 za katikati kuwa mwezi na 2 za kushoto kuwa siku. Sehemu hii ya pili inataka mwezi wenye tarakimu mbili, yaani 25/07/2012 na si 25/7/2012.

Ndani kabisa, tarehe kwa Excel ni hesabu ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900. Machi 15, 2023 ni siku ya 45000. Ndiyo maana mara nyingine unakuta 45000 mahali ulipotarajia tarehe. Si kuharibika, ni muundo wa seli tu umebadilika, urudishe kuwa wa tarehe. Na kwa kuwa ni namba, umri wa mtoto hupatikana kwa =DATEDIF(D2,TODAY(),"Y"), nao utajiongeza wenyewe siku yake ya kuzaliwa ikifika.

Msidhani jambo hili huwapata wanaojifunza tu. Wanasayansi wa jeni walikuwa na jeni zenye majina kama MARCH1 na SEPT1, na Excel ikawa inazigeuza kuwa tarehe 1 Machi na 1 Septemba katika majedwali ya utafiti. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza mwongozo mpya, na jeni hizo sasa huitwa MARCHF1 na SEPTIN1. Yaani ilikuwa rahisi kubadili jina la jeni kuliko kuwazoesha watu kutayarisha safu. Mwaka 2023 Excel mpya ziliongezewa mahali pa kuzima baadhi ya makisio hayo.

Siku zetu na saa zetu

Kompyuta haijui Jumamosi. Ili jedwali la mahudhurio liandike siku kwa Kiswahili:

=CHOOSE(WEEKDAY(D2),"Jumapili","Jumatatu","Jumanne","Jumatano","Alhamisi","Ijumaa","Jumamosi")

WEEKDAY huipa Jumapili namba 1, tofauti na sisi ambao Jumamosi ndiyo mosi. Mpangilio wa maneno katika fomula unafuata hesabu yake, usiubadilishe.

Saa nazo zina mtihani wake. Ratiba ikisema saa 10:00 alasiri, kompyuta inasoma saa 4 ya asubuhi kwa hesabu yetu. Weka saa ya Kiswahili katika A2, na katika B2 andika mchana au usiku, kisha:

=MOD(A2+IF(B2="mchana",6,18)/24,1)

na uupe muundo wa saa. Saa 10 mchana itatoka 16:00, na saa 2 usiku itatoka 20:00. Saa 12 ndiyo ya kuangaliwa: saa 12 jioni hufunga mchana, hivyo andika mchana, saa 12 asubuhi hufunga usiku, hivyo andika usiku, nayo itatoka 6:00 kama inavyotakiwa. Na ukijumlisha masaa ya masomo ya mwezi mzima ukapata kichekesho kama saa 3, ujue jumla imevuka 24 ikaanza upya. Muundo [h]:mm utaonyesha masaa yote.

Majina

Majina mawili yanayofanana machoni huenda yasifanane kwa kompyuta. Nafasi moja iliyobaki mwishoni mwa jina inatosha kumfanya mtoto mmoja aonekane watoto wawili. =TRIM(A2) huondoa nafasi za mwanzo na mwisho, na zilizorudiwa katikati. Kama jina limenakiliwa kutoka kwenye tovuti, huenda lina nafasi ya aina nyingine ambayo TRIM haiioni; hapo tumia =TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ")).

Kugeuza FATMA ALI au fatma ali kuwa Fatma Ali ni kazi ya PROPER. Ila PROPER ina kasoro inayotugusa sisi hasa. Herufi yoyote inayofuata alama isiyo herufi huifanya kubwa, hivyo Mas'ud huwa Mas'Ud, na Sa'id huwa Sa'Id. Ukikuta cheti cha mtoto kimechapwa hivyo, sasa unajua kilipotokea. Tunaweza kuificha ile alama kwa muda kwa herufi mbili ambazo hazikutani katika majina yetu, kisha kuirudisha:

=SUBSTITUTE(PROPER(SUBSTITUTE(A2,"'","zq")),"zq","'")

Lakini Mohamed, Mohammed na Muhammad hakuna fomula ya kuyapatanisha, wala isitafutwe. Kila mmoja anaandika jina lake kama lilivyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Jambo la kufanya ni kumpa kila mwanafunzi namba yake, moja, isiyorudiwa, siku anapoandikishwa, na majedwali yote ya madrasa yaitumie namba hiyo badala ya jina. Katika darasa lenye Fatma Ali watatu, namba ndiyo itakayowatenganisha.

Mtoto anapopewa alama za jirani yake

Tumefika kwenye fomula inayopendwa kuliko zote maofisini, na ambayo ndiyo yenye hatari kubwa. VLOOKUP huchukua namba ya mwanafunzi, huenda kwenye jedwali lingine, humtafuta, na kuleta alama zake. Watu wengi huiandika hivi:

=VLOOKUP(A2,Alama!A:D,4)

Inatoa majibu, kwa hiyo wanaridhika. Kumbe imekosa neno moja. Bila neno hilo programu haitafuti namba ile ile. Inatafuta namba iliyo sawa au iliyo ndogo na karibu zaidi. Tuseme mwanafunzi namba 117 aliugua hakufanya mtihani, na hayumo kwenye jedwali la alama. VLOOKUP haitasema hayumo. Itampa alama za namba 116. Mtoto ambaye hakuingia chumba cha mtihani atarudi nyumbani na ripoti yenye 78, na mzazi atashukuru. Na jedwali la alama likiwa halikupangwa kuanzia namba ndogo hadi kubwa, basi hata waliofanya mtihani wanaweza kupewa alama za wengine, maana fomula huanzia katikati ya orodha na kuuliza kubwa au ndogo, ikiamini kuwa orodha imepangwa.

Iandikwe hivi:

=VLOOKUP(A2,Alama!A:D,4,FALSE)

Sasa 117 itatoa #N/A, yaani haikupatikana. Wengi huichukia alama hiyo kwa kuwa inachafua ukurasa, wakaifunika kwa IFERROR ili iandike "Hakufanya". Mimi siipendi haraka hiyo. #N/A huenda ikawa ni mtoto mgonjwa, na huenda ikawa ni mtoto aliyefanya mtihani vizuri lakini namba yake kwenye jedwali moja ni namba na kwenye jingine ni maandishi, kwa hiyo hazikutani. Zihakiki moja moja kwanza, ndipo ufunike. Kwa wenye Excel 2021 au LibreOffice 24.8 na zilizofuata, kuna XLOOKUP ambayo kwa kawaida yake hutafuta kilicho sawa sawa tu, nayo ni bora.

Ile tabia ya kutafuta cha karibu ina mahali pake pa haki, napo ni kwenye madaraja. Tuseme madrasa imepanga katika H2:I6: 0 Dhaif, 50 Maqbul, 65 Jayyid, 75 Jayyid Jiddan, 85 Mumtaz. Kwa

=VLOOKUP(E2,$H$2:$I$6,2,TRUE)

mwenye 79 atapata Jayyid Jiddan, kwa kuwa 75 ndiyo ndogo iliyo karibu. Alama za $ zinalishikilia jedwali la madaraja lisiteleze unapoikokota fomula kwenda chini. Ukizisahau, wanafunzi wa kwanza watapata madaraja sawa na wa chini watapata vichekesho.

Hapa ndipo linaporudi lile la kinachoonekana na kilichomo. Wastani wa mwanafunzi ni 84.6. Umeficha desimali, ripoti inaandika 85, na pembeni yake Jayyid Jiddan. Mzazi anasoma chini ya ukurasa kwamba 85 ni Mumtaz, anakuja ofisini akiwa na haki ya kuuliza. Kompyuta haikukosea, imetumia 84.6. Ni juu ya walimu kuamua kabla ya ripoti kutoka: ama desimali ionyeshwe, ama wastani ukadiriwe kwa =ROUND(E2,0) kwa wanafunzi wote. Lisiamuliwe baada ya mzazi mmoja kulalamika.

Wastani wenyewe nao unataka uangalifu. AVERAGE huziruka seli tupu na maandishi, lakini 0 huihesabu. Aliyeugua akiandikiwa 0 katika somo moja, wastani wake unaporomoka: 80, 90 na 0 ni 56.7, lakini 80, 90 na M ya mgonjwa ni 85. Sifuri iandikwe kwa aliyefanya mtihani akapata sifuri.

Kabla ya kuchapisha ripoti

Kosa baya kuliko yote halina fomula ndani yake. Mtu anachagua safu ya alama peke yake, anaipanga kutoka kubwa hadi ndogo, na majina yanabaki mahali pake. Kila alama sasa ni ya mtu mwingine. Excel huuliza kama unataka kupanua uchaguzi. Jibu ni ndiyo. Afadhali zaidi, bonyeza Ctrl+T mwanzoni ili orodha iwe jedwali moja, ambapo mistari husogea mizima mizima. Ukigundua mapema, Ctrl+Z hurudisha. Ukihifadhi na kufunga, haitakusaidia.

Kisha hesabu vichwa. Daftari la karatasi lina wanafunzi wangapi, na =COUNTA(A2:A500) inasema wangapi? Mwaka 2020, wakati wa korona, idara ya afya ya umma ya Uingereza iligundua kwamba wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu za kila siku za tarehe 25 Septemba hadi 2 Oktoba. Taarifa zilikuwa zikipitishwa katika faili za Excel za aina ya zamani, ambazo hazichukui zaidi ya mistari 65,536; iliyozidi ilikatwa, na kazi ya kuwatafuta waliokutana na wagonjwa hao ikachelewa. Madrasa haitafika mistari hiyo, lakini mtoto mmoja aliyerukwa katika orodha ya 40 hugunduliwa kwa njia hiyo hiyo, ya kuhesabu walioingia na waliotoka.

Zoezi

1. Fungua jedwali jipya na uandike 0099, 20/5/2015, 5/4/2015, 2,000/= na 2000 katika seli tano. Eleza kila moja imeegemea upande gani, na kwa nini.

2. Andika majina matano ya darasa lako, mawili kati yake yawe na ritifaa. Yatengeneze kwa PROPER, kisha kwa fomula ya "zq". Fomula hiyo itashindwa kwa jina linaloanza na ritifaa, kama 'Ali. Eleza sababu.

3. Tengeneza jedwali la alama la wanafunzi namba 114, 115, 116 na 118. Mtafute 117 kwa VLOOKUP bila FALSE, kisha kwa FALSE. Mwonyeshe mwalimu majibu yote mawili.

4. Zoezi hili ni la mzazi au mlezi. Siku utakapokuja kuchukua ripoti, omba kuonyeshwa mstari wa mtoto wako kwenye orodha ya madrasa, na usome namba yako ya simu tarakimu kwa tarakimu, ukianzia na sifuri.